Rafiki yako ana sukari? Mtafutie kliniki kwanza, daktari baadaye

Mtu akishaambiwa ana sukari, washauri hawakawii. Shangazi yuko Tanga, anajua mzizi. Bosi wa zamani ana namba ya "profesa mmoja kiboko". Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo inatua video ya bamia zilizolowekwa usiku kucha. Mwisho wa yote anakugeukia wewe: ndugu yangu, niende wapi?

Wengi hapo huanza kusaka jina la daktari. Mimi ningekushauri uache jina kwanza. Kisukari si malaria, kwamba ukimpata anayejua atakuandikia dawa mkamalizana. Ni ugonjwa wa kuishi nao miaka, na daktari bingwa mwenye jina kubwa huenda akamwona rafiki yako dakika kumi, kisha wasionane tena hadi mwakani. Macho, figo na miguu vinalindwa na kliniki yenye utaratibu: mgonjwa ana tarehe ya kurudi, anapimwa yaleyale kila mara, majibu yanaandikwa, na yupo mtu anayeyasoma na kubadilisha dawa inapobidi. Kliniki ya namna hiyo inaweza kuwa kwenye hospitali ya wilaya yenye mabenchi ya mbao, na ikakosekana kwenye hospitali yenye vioo na kiyoyozi.

Ninayoandika hapa yanafuata mazingira ya Tanzania, hasa Dar es Salaam. Aliyeko Mombasa au Unguja atabadilisha majina ya bima, hospitali na ofisi za huko, mengine mengi ni yaleyale.

Hatua ya 1: Hakikisha si wa kukimbizwa leo

Kabla ya kuulizia kliniki, mtazame mwenzako. Anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kina na haraka, kinywa kinanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au anaongea maneno yasiyoeleweka? Huyo hasubiri siku ya kliniki. Mpeleke kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe "ana kisukari" au "tunashuku kisukari". Kwa mtoto au kijana aliyekonda ghafla, anayekunywa maji bila kukata kiu na kukojoa usiku kucha, usingoje hata kesho. Huenda ni aina ya kwanza, ambayo mwili hautengenezi insulini (kemikali inayoshusha sukari kwenye damu), na mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache.

Kidonda cha mguu nacho ni cha siku hiyohiyo kikianza kunuka, kikiwa na wekundu unaopanda, au ngozi ikibadilika kuwa nyeusi. Hata kama hakiumi. Kutouma ndiko kunakotisha, kwa sababu maana yake neva za mguu zimeshachoka.

Upande wa pili ni sukari kushuka. Anatetemeka, jasho linamtoka, njaa imemshika, anakuwa mkali bila sababu. Ikiwa chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia sukari (inayosoma kwa mmol/L), au mashine haipo lakini dalili zipo, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (isiwe ile isiyo na sukari). Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mwite wa kukusaidia kumpeleka hospitali.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, tulieni. Mna muda wa kutafuta vizuri.

Hatua ya 2: Kaa naye na karatasi zake

Muulize kwanza kama anataka usaidizi wako, na mpaka wapi. Kuna mtu anataka umsindikize tu. Mwingine anataka uingie naye chumbani, mwingine hataki hata mkewe ajue. Mwanaume hasa anaweza kuwa na jambo ambalo hakuambii: nguvu za kiume zimepungua, na hilo ndilo lililompeleka kupima. Usimchokonoe. Mwambie tu kwamba daktari wa sukari husikia habari hizo kila siku, alitaje akiwa naye peke yake.

Kisha tandazeni kila kitu mezani: vyeti, risiti za maabara, maboksi ya dawa, hata zile alizoacha kunywa. Unatafuta mambo matatu. Nani alimwambia ana kisukari, kwa kipimo gani, na namba ilikuwa ngapi.

Namba zenyewe si siri ya madaktari. Asubuhi kabla ya kula, baada ya kukaa na njaa angalau saa nane, 7.0 na kuendelea ni kisukari. Kipimo cha HbA1c, ambacho kliniki nyingi hukiita kipimo cha miezi mitatu kwa sababu kinaonyesha wastani wa sukari kwa muda huo, kinasema kisukari kikifika asilimia 6.5. Kipimo cha saa yoyote kinahesabika kikifika 11.1 na dalili zipo. Asiye na dalili hahukumiwi kwa kipimo kimoja, kinarudiwa. Nimeona watu wameanzishiwa dawa kwa sababu ya tone la damu la kidole kwenye banda la maonyesho, dakika chache baada ya chai ya maziwa na maandazi. Wa hivyo apime upya kwenye maabara kabla ya mengine yote.

Angalia pia kizio. Mashine nyingi za hapa zinasoma kwa mmol/L. Zinazotumwa na ndugu kutoka Marekani, na baadhi za kutoka Ghuba, husoma kwa mg/dL, ambako 126 ni ileile 7.0 yetu. Ukikutana na namba za mamia, gawanya kwa 18. Usipolijua hilo utamtia mwenzako hofu bure, au mbaya zaidi, mtadhani mashine imeharibika wakati inasema kweli.

Vikishapangwa, viingie kwenye faili moja la plastiki. Mbele kabisa weka karatasi moja: jina, mwaka aliogundulika, dawa na dozi, mzio, magonjwa mengine, namba ya simu ya mtu wa karibu. Karatasi hiyo itaokoa muda kuliko maelezo yoyote atakayoyatoa akiwa amekaa foleni tangu alfajiri.

Hatua ya 3: Jua kliniki ziko wapi

Mpangilio wetu unaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, hadi ya taifa. Mgonjwa wa sukari asiye na matatizo makubwa hana sababu ya kuanzia Muhimbili. Dar hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala. Mikoani kuna za kwao, na juu yao zipo za kanda kama KCMC Moshi, Bugando Mwanza na ile ya Mbeya. Zanzibar watu huanzia kwenye hospitali za wilaya kabla ya Mnazi Mmoja.

Piga simu au pita mwenyewe mapokezi, uulize: "Kliniki ya sukari ni siku gani?" Hospitali nyingi za serikali zina siku maalumu za wiki. Ukijibiwa "njoo siku yoyote, utaonwa na daktari atakayekuwepo", hospitali inaweza kuwa nzuri kwa mengine, ila utaratibu wa sukari haina bado. Uliza pia namba zinaanza kutolewa saa ngapi, na kama mgonjwa mpya anahitaji barua ya rufaa.

Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa 1985, kipo kwa kazi hii na kinajua kliniki zilizopo mikoani, na huduma za watoto wenye aina ya kwanza ya kisukari. Kwa familia yenye mtoto wa namna hiyo, simu ya kwanza ningepiga kwao, kwa sababu ipo misaada ya insulini kwa watoto ambayo wazazi wengi hawaisikii kamwe.

Halafu kuna wagonjwa wenyewe. Nenda siku ya kliniki, kaa kwenye benchi, ongea na mama aliyekuja na chupa yake ya uji. Atakwambia nesi gani anafundisha vizuri, dirisha gani la dawa linaishiwa mapema, na daktari yupi anakaripia watu.

Hatua ya 4: Ipime kliniki

Hapa ndipo nitakaa kidogo.

Ishara ya kwanza ninayoitazama ni viatu. Katika ziara ya kwanza au ya pili, je, kuna mtu aliyemwambia mgonjwa avue viatu na soksi? Kliniki inayojua kazi yake ina nesi mwenye kishikio kidogo chenye uzi mgumu wa plastiki, mfano wa mshipi wa kuvulia. Anamwambia mgonjwa afumbe macho, anaugusisha uzi kwenye unyayo mpaka unapinda, anauliza: umesikia? Kidole gumba, chini ya vidole, pande zote mbili. Niliwahi kumsindikiza rafiki, na mzee aliyekuwa kwenye kiti kabla yake alikaa macho yamefumbwa, akanyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona huanzi?" Nesi alikuwa ameshamaliza mguu mzima. Mzee huyo alikuwa amekuja kwa ajili ya presha tu. Akatoka na maelekezo ya kukagua unyayo kila jioni kwa kioo, kuacha kutembea peku hata uani, kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kupima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko badala ya mguu. Uzi ule ni kitu kidogo kabisa, lakini kliniki inayoutumia inawabakizia watu miguu.

Ishara ya pili ni macho. Kliniki nzuri inampeleka mgonjwa wa aina ya pili (ile ya watu wazima wengi, ambayo insulini haitoshi au haifanyi kazi vizuri) kwenye kipimo cha ndani ya jicho mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka au kama daktari wa macho atakavyopanga. Kusoma herufi ukutani si kipimo hicho. Anatakiwa awekewe dawa ya kutanua mboni, au apigwe picha ya nyuma ya jicho. Sukari inaweza kuharibu mishipa ya jicho huku mtu anasoma gazeti bila shida. Siku hiyo nenda naye, maana atakaporudi hataona vizuri kwa saa kadhaa, na kuendesha bodaboda akiwa hivyo ni kujitafutia ajali. Dar wengi huenda CCBRT au Muhimbili, kaskazini, KCMC.

Tatu, figo. Mkojo upimwe protini na damu ipimwe kreatinini (taka inayotolewa na figo), angalau mara moja kwa mwaka. Figo hazilalamiki mapema, na mgonjwa anayesubiri miguu ivimbe amechelewa.

Nne, presha ipimwe kila anapokuja, amekaa ametulia, si anapohema kutoka kwenye ngazi. Mafuta kwenye damu yapimwe pia. Wagonjwa wa sukari wengi huishia na moyo au kiharusi, kwa hiyo daktari anayeangalia sukari peke yake anaangalia nusu ya ugonjwa.

Tano, HbA1c. Mara mbili kwa mwaka kwa aliyetulia, kila miezi mitatu kwa ambaye dawa zake zinabadilishwa. Kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ingawa kwa mzee sana au ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara daktari anaweza kulegeza. Kwetu kuna jambo moja la kulitaja mapema: mwenye selimundu au upungufu wa damu anaweza kupata jibu lisilo la kweli kwenye kipimo hiki. Amwambie daktari, na rekodi zake za kidole zitiliwe uzito zaidi.

La mwisho ni kufundishwa. Kuna mtu anayekaa na wagonjwa na kueleza chakula, sindano, na cha kufanya sukari ikishuka? Wanaulizwa habari za kikohozi? Swali la kikohozi si la bure. Mwenye kisukari ana hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, mara mbili hadi tatu ya mwingine, na anayekohoa wiki mbili anatakiwa kupimwa.

Hutayapata yote hayo mahali pamoja. Hospitali ya wilaya inaweza kuwa na nesi bora kuliko wote na isiwe na kamera ya macho. Hiyo si kasoro, mradi wanaandika rufaa na wanauliza majibu. Kasoro ni kliniki ambayo kila mwezi inampima kidole, inaandika "endelea na dawa", inampa tarehe, na mwaka unakwisha hakuna aliyemgusa mguu.

Na daktari mwenyewe? Kama ni wa kituo binafsi na una wasiwasi, Baraza la Madaktari Tanganyika lina orodha ya waliosajiliwa. Vinginevyo, usibague vyeo. Tabibu au nesi aliyefundishwa kisukari na anayemwona rafiki yako kila mwezi anaweza kumfaa kuliko bingwa anayebadilika kila wiki. Bingwa wa magonjwa ya ndani atahitajika mambo yakishindikana, na kwa mjamzito mwenye kisukari ahitajike tangu mwanzo. Mama huyo asisubiri zamu ya kliniki ya kawaida.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza

Mwulize nesi siku moja kabla kama anatakiwa aje bila kula. HbA1c haihitaji njaa. Kipimo cha asubuhi kinahitaji. Kama ni cha njaa, dawa za sukari za asubuhi na insulini ya chakula zisubiri mpaka akishatolewa damu na chakula kiko mkononi. Anayechoma insulini ya muda mrefu aulize hasa afanyeje, asijikatie shauri. Watu huanguka kwenye foleni kwa sababu wamechoma saa kumi na mbili asubuhi, wakatolewa damu saa nne. Bebeni chapati, yai la kuchemsha na maji, na kitu cha sukari mfukoni.

Fika mapema, chukua namba, lipieni kwa kontroo namba (namba ya malipo mnayopewa na hospitali) mkisubiri, usimpe pesa mtu anayezunguka kwenye korido. Chumbani mwache yeye aongee. Kazi yako ni kuandika, na kukumbusha maswali mliyoyaandika nyumbani. Mimi huwa na manne: lengo lake la sukari ni namba ngapi? Kila dawa inafanya kazi gani na inywewe na chakula au bila? Ikishuka au ikipanda usiku tumpigie nani? Ziara ijayo ni lini, na vipimo gani?

Akianzishiwa metformini, kidonge cha sukari, tumbo kuvurugika mwanzoni ni kawaida. Inywewe na chakula, na dozi ipandishwe taratibu. Wengi huacha wiki ya kwanza wakidhani imewakataa. Akipewa glibenklamidi, kidonge kingine cha sukari, na ni mtu wa makamo anayesahau kula, au anafanya kazi ya kubeba mizigo, muulizeni daktari kwa heshima kuhusu hatari ya sukari kushuka na kama ipo nyingine inayomfaa zaidi. Swali kama hilo si utovu wa adabu. Daktari mzuri hujibu. Asiyependa kuulizwa, umeshamjua.

Mwislamu aulize habari za Ramadhani mapema, mwezi mmoja na nusu hadi miwili kabla. Dozi na nyakati hubadilishwa kufuata futari na daku, na wapo ambao daktari atawaambia wasifunge. Wanazuoni wengi wanasema kupima kidole hakubatilishi saumu, kwa hiyo hakuna sababu ya kufunga macho mchana kutwa. Chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue.

Hatua ya 6: Pesa na bima

Ongeeni habari za pesa kabla hazijawa aibu. Kama ana kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) au bima nyingine, piga simu uulize mambo mahususi: kituo hicho wanakipokea? HbA1c inalipiwa? Insulini je? Stripu, yaani vipande vya kuwekea tone la damu kwenye mashine ya nyumbani? Jibu la "kisukari kinalipiwa" halitoshi, kwa sababu stripu ndizo mara nyingi zinazoachwa nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo ulizia vifurushi vilivyopo sasa wilayani kwake badala ya kutegemea habari za mwaka juzi. Zanzibar ulizia Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Kenya, tangu Oktoba 2024 ni SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), si NHIF ya kwao tena.

Asiye na bima wala uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayeshughulikia misamaha, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili. Aende na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho. Aende mapema, kabla deni halijawa kubwa.

Marafiki mnaotaka kuchanga, msichange kwa ajili ya bingwa wa hospitali ya gharama mara moja kwa mbwembwe. Changeni stripu za kila mwezi na nauli ya kliniki. Haipendezi kwenye picha, lakini ndiyo inayofanya kazi.

Hatua ya 7: Famasi na vifaa vya nyumbani

Mashine ya kupimia inunuliwe kwa kuangalia stripu. Kila mashine ina stripu zake, haziingiliani. Kabla ya kulipa, uliza famasi mbili tatu za mtaani kwake kama stripu hizo hupatikana na zinauzwaje. Mashine ya zawadi kutoka London ni nzuri mpaka kikopo cha kwanza kiishe.

Insulini ina adabu zake. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isiguse sehemu ya barafu. Ikiganda hata mara moja, itupwe. Iliyofunguliwa hukaa nje kama wiki nne, mbali na jua na jiko. Kusiko na umeme, mtungi wa udongo ndani ya mwingine wenye mchanga wa kulowa, kivulini, umeonekana kusaidia kweli kushusha joto. Famasi ukimwomba muuzaji insulini, tazama anaitoa wapi. Akiichukua kwenye rafu, ondoka bila ugomvi.

Sirinji ni jambo jingine. Insulini yenye yuniti 100 kwa mililita inataka sirinji iliyoandikwa U-100. Ikivutwa kwa sirinji ya U-40, dozi inakuwa si dozi. Ile ya rangi ya maziwa izungushwe polepole kati ya viganja, isitikiswe. Sehemu ya kuchoma ibadilishwe, maana anayechoma palepale kila siku huota uvimbe, na insulini hainyonywi vizuri na mwili hapo. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, zirudishwe kliniki.

Mizizi, dona na kikombe

Mnakumbuka 2011, magari yalivyopanga foleni kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mizizi ya Babu wa Loliondo cha shilingi 500, na kisukari kikiwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyosemwa kuponywa? Hatari kubwa ilikuwa kuacha dawa ukishakunywa. Siku hizi kikombe kimekuwa chupa yenye lebo inayouzwa Instagram, na hatari haijabadilika. Rafiki yako akitaka kunywa mlonge, usigombane naye. Mwombe tu mambo mawili: asiache dawa ya hospitali, na amwambie daktari. Anayeuza kitu na kukuambia uache insulini, huyo mkimbie.

Kuhusu dona, uwele na "unga wa wagonjwa wa sukari": ni vyakula vizuri, vina nyuzinyuzi, lakini sukari vinapandisha. Bonge la ugali wa dona ni bonge vilevile. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kabichi, robo ugali au wali, robo samaki, dagaa au maharage. Asifukuzwe kwenye sinia la familia kwa sufuria yake peke yake. Chakula hicho kinawafaa wote nyumbani.

Hatua ya 8: Wakati wa kuhama

Msihame kwa sababu ya foleni ndefu tu. Hameni kama miezi sita imepita HbA1c iko juu na hakuna aliyebadilisha chochote wala kueleza kwa nini; kama sukari inashuka mara kwa mara na jibu ni "punguza kidogo"; kama mwaka umeisha bila miguu, macho na figo kuangaliwa mlipouliza; au kama mgonjwa anatukanwa mpaka anaogopa kurudi. Kabla ya hapo jaribu kuongea na nesi mkuu wa kliniki. Mara nyingi yeye ndiye anayeweza kumhamishia kwa daktari mwingine palepale.

Mkihama, ombeni barua ya rufaa au muhtasari wa matibabu wenye vipimo vya mwisho na dozi za sasa. Mkiambiwa faili haitoki nje, piga picha ya kila ukurasa mbele ya anayehusika, kwa ruhusa yake. Mwacheni rafiki yenu na dawa za kumfikisha wiki mbili mbele, kwa sababu kliniki mpya inaweza isimpe nafasi wiki ya kwanza, na siku ya kwanza kule mpya hakikisheni kwamba dawa za zamani na mpya hazinywewi kwa pamoja.